Tupeane uzoefu: mliowahi kupanda treni za chini ya ardhi, za zamani na hizi mpya

Mwana wa Kuze
Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Mpwa wangu aliyeko New York amenitumia video ya mabehewa mapya ya treni zao za chini ya ardhi, yale yaitwayo R211 yanayoundwa na Kawasaki, na tangu niitazame nimekuwa nikiwaza namna sisi watu wa Mombasa, tuliozoea kivuko cha Likoni na matatu za Buxton, tunavyojikuta siku ya kwanza tunaposhuka ngazi kwenda kupanda chombo kama hicho. Aliyewahi kupanda, iwe kwa masomo, kwa ubaharia au kwa kuwatembelea wanawe, atueleze yaliyomfika.

Baharia wa Mtongwe
Mimi nilianzia Singapore, meli yetu ilipotia nanga huko. Kilichonishangaza si treni bali jukwaa lenyewe, kwa kuwa vituo vyao vya chini vina ukuta wa vioo wenye milango, na milango hiyo hufunguka pale tu treni inaposimama sambamba nayo. Wamekuwa nayo tangu 1987. Hakuna mtu awezaye kuanguka relini, hata kukiwa na msukumano wa namna gani.

Karani wa Kilindini
Mwaka 2020 nilikuwapo bandarini zilipokuwa zikishushwa treni za dizeli za abiria wa jijini. Tulisimama kuzitazama kana kwamba ni zetu, kisha zikapelekwa Nairobi. Kila chombo kipya cha reli hupitia mlangoni kwetu, nasi tunabaki na tuktuk.

Mpenda Reli, Changamwe
Ndugu Karani, tuseme kweli: zile hazikuwa mpya. Zilikuwa zimetumika kisiwani Mallorca, Uhispania, na zilichaguliwa kwa sababu reli ya kule ina upana wa mita moja kama ile yetu iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Zisingeweza kupita kwenye reli ya SGR, ambayo upana wake ni milimita 1,435.

Karani wa Kilindini
Mimi nimesema kipya kwetu. Mtu aliyekuwa akining'inia mlangoni mwa behewa kuukuu hatajali nani alikalia kiti kabla yake.

Mpenda Reli, Changamwe
Atajali siku kipuri kitakapokosekana, kaka. Behewa jipya halinunuliwi kwa ajili ya kung'aa, linanunuliwa pamoja na miaka ya vipuri na mafundi waliofunzwa.

Bint Majengo
Mniwie radhi, maana haya yatakuwa marefu, ila mazungumzo ya milango yamenikumbusha jambo ambalo nilikuwa sijalieleza nje ya familia. Mji wenyewe siutaji, kwa kuwa laweza kumfika mtu popote penye treni na msongamano.

Mama alikuja kunitazama nilipojifungua, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya nchi. Maisha yake yote yalikuwa Majengo, soko la Kongowea na kwa ndugu zetu Lamu. Asubuhi hiyo tulikuwa tukienda kliniki, mtoto akiwa kwenye kigari. Treni iliyokuja ilikuwa ya zamani, milango yake myembamba kiasi kwamba wanaoshuka na wanaopanda hawawezi kupishana, nayo ilikuwa imefurika watu waendao kazini. Mama alitangulia, umati ukamsukuma hadi ndani, na gurudumu la mbele la kigari likanasa katika upenyo ulio kati ya jukwaa na behewa. Nikainama kulinasua na kulirudisha nyuma. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa umeshafungwa, na mama yuko upande wa pili wa kioo, amekibandika kiganja chake hapo, hina ya harusi ya mdogo wangu bado imeshika ncha za vidole, midomo yake inasema maneno nisiyoyasikia. Kisha treni ikaondoka naye.

Mama hakuwa na simu ya mji ule, hakuijua lugha, na wala sikuwa nimemwambia jina la kituo tunachokwenda. Nilipanda iliyofuata, nikashuka kituo cha kwanza, hayupo. Nikaenda cha pili, hayupo. Nilikuwa nalia waziwazi na mtoto naye analia.

Mama Swafiya
Ya Rabbi! Alipatikana wapi, mwanangu?

Mwana wa Kuze
Dada, usituache hapo.

Bint Majengo
Alikuwa ameshuka kituo cha tatu. Alisema alikaa akitazama ukutani mwa behewa kama kuna kitu cha kumwonyesha yuko wapi, akaona ramani ya karatasi tu yenye mistari mingi, na matangazo ya kipaza sauti yalikuwa mkwaruzo mtupu. Bibi mmoja wa Kisomali, aliyewahi kuishi Garissa, aliliona buibui lake, akamtolea salamu, kisha akamwongelesha Kiswahili. Alishuka naye, akampeleka kwa mfanyakazi wa kituo, na hapo ndipo nilipowakuta, mama ameketi kwenye benchi akiwa ameushika mkono wa yule bibi kwa mikono yake miwili. Mimi nilipiga magoti pale pale.

Mama Swafiya
Allah amlipe kheri bibi yule.

Baharia wa Mtongwe
Amina. Sheria ya kuwafunza wazazi ni moja: aliyebebwa na treni ashuke kituo kinachofuata, asiondoke mahali aliposhukia, na aliyeachwa apande inayofuata amkute.

Mzee wa Tudor
La, bwana. Ashuke, avuke, arudi alikotoka, kwa maana huko ndiko anakokujua.

Baharia wa Mtongwe
Mzee wangu, kwa heshima, hao watapishana njiani siku nzima, mmoja akienda na mwingine akirudi.

Mama Swafiya
Mimi namshonea mama yangu kitambaa chenye namba zetu ndani ya mkoba. Hayo ya kushuka na kutoshuka mtabishana ninyi, yeye atatoa kitambaa.

Mvita, Brooklyn
Dada Bint Majengo, pole sana. Nitaeleza ninachokiona huku New York, kwa kuwa karibu kila sehemu ya kisa chako inagusa jambo lililobadilishwa katika R211. Yalianza kubeba abiria katika njia ya A tarehe 10 Machi 2023, yachukue nafasi ya R46 ya miaka ya 1970. Mlango wa zamani ulikuwa na upana wa sentimita 127 hivi. Huu mpya una 147. Ukisikia namba utadhani ni jambo dogo, lakini sentimita hizo 20 ndizo zinazomwezesha mama mwenye kigari kupanda huku mtu mwingine akishuka. Ndani kuna skrini zinazoonyesha vituo vinavyofuata, kamera katika kila behewa, na viti vinavyokunjwa ili kiti cha magurudumu kipate nafasi. Upenyo wa jukwaani, hata hivyo, mlango mpana hauuzibi, na hilo linaniumiza, kwa kuwa vituo vyenyewe ni vya kale na vingi bado havina lifti.

Mpenda Reli, Changamwe
Na yale yasiyo na milango kati ya behewa na behewa?

Mvita, Brooklyn
Hayo ni R211T, yalianza katika njia ya C tarehe 1 Februari 2024. Agizo la kwanza la mabehewa 535 lilikuwa na 20 tu ya namna hiyo, kwa ajili ya majaribio. Unatembea kutoka behewa moja hadi jingine bila kufungua kitu, hivyo watu hutawanyika badala ya kurundikana mahali pamoja.

Mama Swafiya
Na mwizi naye atatembea vivyo hivyo.

Mvita, Brooklyn
Hata wewe utaweza kumkimbia, mama. Katika behewa lililofungwa huna pa kwenda.

Mzee wa Tudor
Mwanangu wa Brooklyn, wakwe zangu watatua uwanja wa JFK mwezi wa Desemba na watashukia kwako upande huo. Nimeambiwa wapande A hiyo hiyo. Je, wanaweza kupotea?

Mvita, Brooklyn
Wakati wa kuja hawapotei, mzee wangu. Wapande AirTrain, treni ya uwanjani hapo, hadi kituo cha Howard Beach, kisha wachukue A inayoelekea Manhattan. Wakati wa kurudi uwanjani ndipo pa kuangalia, kwa sababu njia hiyo huko mbele inagawanyika. Inayokwenda Lefferts Boulevard haifiki Howard Beach. Wasubiri inayokwenda Far Rockaway. Jina huandikwa ubavuni mwa treni, basi walisome kabla ya kuingia, na yeyote mwenye mkono mtupu amshike mwenzake.