Je, sanaa lazima ibebe hisia za msanii? Mimi nasema hapana

Wadau, hii kitu imenikaa kwa roho tangu Jumamosi, wacha niitoe. Tulikuwa kwa maonyesho ya michoro hapa tao, jamaa mmoja mwenye amesoma sana akasema kama msanii hakusikia kitu ndani yake, na hicho kitu hakijakufikia wewe mtazamaji, basi hiyo si sanaa ni pambo tu. Akamtaja Tolstoy, yule mwandishi Mrusi, aliyeandika mwishoni mwa miaka ya 1890 kwamba sanaa ni kuambukizana, msanii anasikia hisia, anaipitisha kwa rangi au sauti au maneno, nawe unaipata vile mtu hupata homa. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nachora matatu, huu mwaka wa tisa. Mwenye gari anakuja na picha kwa simu, anataka uso wa mwanamuziki fulani nyuma na simba ubavuni, na anataka Ijumaa iwe tayari juu gari ikilala gereji haiingizi kitu. Kuna uso mmoja wa hivyo watu wanauulizia mpaka leo, niliuchora nikiwa na njaa na nikiwaza kodi ya nyumba. Hiyo njaa haionekani pale! Na kuna mama aliniambia anaachilia gari zingine zipite kwa steji ndio apande hiyo. Sasa huyo mama ameambukizwa nini, na nani?

Tena chukua kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Aliyechora yale maua humjui, nyingi zinachapishwa India huko, na aliyeandika jina hana ugomvi na jirani yako. Lakini shangazi yangu akijifunga ile ya "Usisafirie nyota ya mwenzio" akapita polepole mbele ya mlango fulani, ploti nzima inajua amesema nini na amemwambia nani. Hisia ni za shangazi. Taarab ni vile vile, mtu anangoja ubeti wake ufike, anainuka kutunza huku macho yakiwa kwa mbaya wake, na mwimbaji hata hana habari.

Halafu vigango vya Wagiriama wa pwani ya Kenya, zile nguzo za mbao zinazochongewa wazee wa Gohu, chama chao cha wazee, waliofariki. Fundi hachongi majonzi yake, anamchongea marehemu, na kikishasimamishwa hakifai kung'olewa. Vingi viliibiwa vikauzwa, vikaishia makumbusho za Marekani (viwili vilirudishwa 2007). Waliovitazama huko pengine waliguswa kweli, lakini nyumbani kuna familia iliyong'olewa mzee wake. Uliza hapo fundi alihisi nini uone kama swali linafika popote.

Sisemi hisia hazina kazi. Ndugu yangu alipofariki nilichora uso wake kwa kipande cha plaiwudi, usiku mmoja, nikilia, na sijawahi kumwonyesha mtu. Kwa kipimo cha yule jamaa ile matatu si sanaa kwa sababu sikuhisi, na hii plaiwudi nayo si sanaa kwa sababu haijamfikia yeyote. Tolstoy mwenyewe kwa kipimo hicho hicho aliitupa simfoni ya tisa ya Beethoven, ule muziki wa okestra unaosifiwa kote.

Nyinyi mnaolipwa kuimba kwa harusi na matanga ya watu msiowajua, hebu semeni. Wale wakilia, huwa wanalia machozi yenu?