Wauzaji wa nyambizi za telekomande Goma, mnatuibia!

Wakubwa, hii sasa imezidi. Nyambizi za modeli za zamani zinaingia mjini, fundi anapiga rangi, anang'oa redio yake, anaweka telekomande mpya ya GHz 2.4, kisha papa wa watu anaambiwa: "Iko sawa, peleka watoto ziwani." Iko sawa wapi? GHz 2.4 hufa ndani ya sentimita chache za maji. Juu ya maji itatii vizuri na mtoto atapiga makofi. Ikizama kiasi cha kiganja, haisikii tena. Nyambizi inataka mawimbi ya redio ya masafa ya chini: MHz 40, au 27, au zile 72 na 75 za Marekani. Yaani redio ileile mnayoitupa!

Wanaobakiza MHz 40 nao wanakata waya wa antena wa risiva, kile kipokezi cha ndani, eti ni mrefu mno. Unakaribia mita moja kwa sababu maalum. Uacheni mzima, utandazeni ndani ya bodi, yaani ganda la nje la nyambizi, bila kuuviringisha, ncha yake izibwe isiguse maji. Na msituletee habari za mabwawa ya Ulaya ambako watu wanashuka mita kadhaa. Maji ya Kivu yamebeba chumvichumvi kuliko maziwa mengi yasiyo ya chumvi, na chumvi hiyo inakula mawimbi. Hapa ukipita mita moja unacheza kamari.

Kuziba ndiko kunakokera zaidi. Kila ufa mnajaza silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi: ndani ya silinda iliyofungwa, ile inayokinga redio na betri, inakula shaba ya nyaya na miguu ya vipuri. Jwenti za mpira zilizokauka zitolewe zote, ziwekwe mpya za unene uleule, na grisi ya silikoni kidogo tu, mpira ung'ae. Mhimili wa propela pia una mpira wake, na huo ndio wa kwanza kuvujisha.

Kupima hakuhitaji pesa. Sirinji kubwa, kamrija, beseni. Funga silinda, ingiza hewa kidogo kwa sirinji, bana kamrija, zamisha yote, ngoja dakika kumi. Kiputo kimoja kikifuatwa na kingine mahali palepale, hapo panavuja. Muuzaji afanye hivi mbele ya mnunuzi kabla ya kugusa dola yake.

Hata iliyofaulu kwenye beseni inaweza kunywa maji pwani. Ikiachwa juani kwenye mawe meusi ya volkano, hewa ya ndani inapata joto. Ukiitia ziwani inapoa, shinikizo linashuka, maji yanavutwa kupitia mpira wa mhimili. Ikae kivulini, ifungwe humo humo kivulini.

Uzito nao mnaupanga kiholela. Risasi, ile metali nzito, iwekwe chini kabisa, povu gumu juu karibu na mstari wa maji, la sivyo inalala ubavu. Bodi inayojaa maji lazima iwe na matundu juu ya kutolea hewa. Bila hayo haizami, na fundi anaongeza risasi, anaharibu kila kitu. Kwa familia, tangi la maji ya kuzamishia likijaa, ncha ya mnara ibaki nje ya maji, nyambizi ishuke kwa mwendo na mabawa tu. Motori ikizimika, inaibuka yenyewe. Mkiuza inayozama kabisa, wekeni kifaa cha kutoa maji tangini mawasiliano yakikatika, maana redio hizi za zamani kwa kawaida hazina.

Papa na mama, siku za kwanza fungeni uzi wa nailoni wenye boya, mtoto mkubwa aushike, mwingine asimame juu aangalie kivuli chake majini. Ufuko wetu unashuka ghafla, ikienda, imeenda. Na watoto wasiingie kwenye vishimo vya pwani kufuata kipuri kilichoanguka, hasa asubuhi bila upepo: mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayojikusanya mashimoni na kuua, haina rangi wala harufu.

Anayeuza za GHz 2.4 aje hapa atueleze inazamaje.