Mdogo wangu ameambiwa achomwe sindano ya kila mwezi, Mama hataki. Nishaurini

BintiBondeni
Salaam aleikum na hamjambo nyote. Niko Bondeni, hapa Nakuru. Mdogo wangu ana miaka 26, fundi wa pikipiki, na akiwa mzima watu humfuata toka Free Area na kuacha mafundi wa kwao. Skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, ilimuanza akiwa na miaka 20. Mwaka huu amelazwa mara mbili, na chanzo ni kilekile: hamezi dawa. Anakificha kidonge chini ya ulimi, ukigeuka anatema. Juzi nikianika godoro lake vikadondoka vidonge. Nilihesabu 31.

Kliniki wanasema aachane na vidonge, achomwe sindano moja kila baada ya wiki nne. Mama amekataa katakata. Kuna kijana mtaani alichomwa akawa anatembea kama gogo, mate yanamtiririka. Mdogo wangu mwenyewe hasemi ndiyo wala la.

Na niseme ukweli wote: nimekuwa nikimsagia dawa kwenye chai ya tangawizi. Akagundua kwa ule uchungu. Sasa hagusi chakula nilichopika mimi. Nifanyeje?

Wuod_Nyalenda
Dada, mimi ndiye mgonjwa, si jirani wala shemeji wa mgonjwa. Niko Kisumu na huu ni mwaka wa tano wa sindano. Ya kwanza ilinitesa. Siku ya tatu miguu ikakataa kutulia, nikawa natembea Nyalenda hadi Kondele na kurudi, usiku sikai kitako. Nyumbani wakasema ugonjwa umerudi. Haukuwa ugonjwa, ilikuwa dawa. Daktari akapunguza kipimo, ikaisha.

Sauti hazikuniondokea zote, nisikudanganye. Lakini sasa zinaongea na mimi naendelea kukaanga samaki wangu. Na mke wangu hajaniuliza "umemeza?" tangu wakati ule. Hujui swali hilo linavyomchosha mtu mzima, asubuhi na jioni, mbele ya watoto.

Ile chai ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko sindano. Mwombe radhi kabla ya kumtajia sindano yoyote. Mtu ambaye ugonjwa unamwambia anawekewa sumu, halafu kweli akaonja kitu kwenye kikombe!

Nesi_Kakamega
Nafanya kazi wodi ya akili, kwa hiyo nitasema kidogo.

Hizi za bei nafuu, flufenazini na haloperidoli za muda mrefu, zimechanganywa na mafuta ya simsim. Zikidungwa ndani ya msuli wa tako zinavuja polepole kuingia kwenye damu. Ndiyo maana zinakaa wiki mbili, tatu, nne, kutegemea dawa na mtu. Ndiyo maana pia nguvu yake kamili haionekani wiki ya kwanza, na daktari anaweza kumwachia vidonge kwa muda. Kama simsim humletea vipele au kumbana kifua, semeni mapema.

Huyo kijana wa mate ninamwamini Mama kabisa. Kukakamaa, kutetemeka na mate ni madhara yanayojulikana, mara nyingi kipimo kimezidi. Kinapunguzwa, au anapewa benzeksoli, dawa ya kutuliza madhara hayo. Ila benzeksoli haisaidii sana ile miguu isiyotulia aliyoitaja Wuod. Kwa vijana wa kiume angalieni hasa siku za kwanza: shingo kupinda, macho kugeukia juu. Inatisha lakini inatibika upesi, mleteni. Akipata homa kali huku mwili umekaza na akili imevurugika, msingoje kesho.

Na kumchoma kwa hila msithubutu. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa 2022 inampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika matibabu yake.

BabaPacha_Rhonda
Mimi napinga. Kidonge kikikudhuru unaacha kesho. Sindano ikishaingia imeingia, nani ataitoa? Hizo ni pingu. Halafu sisi Waafrika ndio wanaojaribiwa dawa.

Nesi_Kakamega
Baba Pacha, la kwanza uko sahihi, na sisi wenyewe linatuogopesha. Kwa hiyo humjaribu kwanza kwa vidonge vya dawa ileile, halafu sindano ndogo. Flufenazini mara nyingi huanza na miligramu 12.5, wanasubiri siku kadhaa waone. La pili hapana. Dawa hii imetumika Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1960. Uzee ndio kasoro yake. Zipo mpya kama paliperidoni, nyingine huchomwa kila miezi mitatu, lakini bei yake ni ya kuuza shamba.

MamaMboga_Mbale
Mwanangu anachomwa mwaka wa nane, huku Vihiga. Kabla ya hapo niliuza ng'ombe wawili kwa waganga, sitaki hata kukumbuka. Mimi ninachokuambia binti yangu ni tarehe. Andika kwenye kalenda ya ukutani. Kuna mwezi nilifika kituoni nikaambiwa dawa imekwisha, rudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa ijayo nyingine. Sasa napiga simu siku tatu mbele. Haipo, nainunua duka la dawa naibeba, nesi anamchoma. Uzuri wake, akikosa unajua amekosa siku gani, na dawa bado imo mwilini kidogo, una nafasi ya kukimbia. Vidonge unakuja kujua ameshavua nguo barabarani.

Na mwangalie mdomo. Wangu baada ya miaka alianza kutafuna bila kitu mdomoni. Nilinyamaza nikidhani ni mazoea, kumbe ni dawa, ningesema mapema.

BintiBondeni
Ahsanteni. Nimemwomba radhi jana, nje, akifungua kabureta. Hakujibu. Nikamsomea maneno ya Wuod, yale ya miguu na yale ya "umemeza?". Akaendelea kusugua kabureta, kisha akauliza swali moja: atakayemchoma ni mwanamume?

Nesi_Kakamega
Mwambie aombe tu. Kama yuko nesi wa kiume zamu hiyo ataitwa, na pazia litafungwa. Kuna dawa nyingine huweza kuchomwa begani, aulize.

Wuod_Nyalenda
Mwambie na mimi niliuliza hilohilo.

BintiBondeni
Kliniki ni Jumanne, amesema atakuja kusikiliza tu. Mama bado amenuna. Ila usiku ameniuliza kama mafuta hayo ya simsim ni haya ya kupikia.