Gari inaamka na sakitu kiooni huku Makete, na haitaki kupata moto. Naombeni ushauri

Mwalimu_Iwawa

Wakubwa shikamooni, wengine habari za wakati huu.

Niko Makete kikazi, maeneo ya Iwawa. Nina Toyota IST ya petroli niliyoinunua kwa mtu Dar. Inalala nje, sina banda. Tangu kipupwe kianze naikuta asubuhi imekuwa nyeupe yote kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na kioo cha mbele hakionyeshi kitu. Inawaka, ingawa kwa kuvutavuta. Shida inaanzia hapo: naiacha ingurume muda mrefu, hita inatoa upepo wa baridi, na ile taa ya bluu kwenye dashibodi, inayoonyesha injini bado ni ya baridi, inachelewa mno kuzima. Siku nyingine nafika shuleni bado inawaka. Mafuta nayo yanakwenda kuliko nilivyotegemea.

Jirani yangu anamwagia kioo maji ya moto na kuondoka. Wengine wanasema nipashe injini nusu saa. Sitaki kuua gari, na sitaki kuendesha nikichungulia kwenye kitundu cha kioo wakati watoto wako barabarani wanakwenda shule. Nifanyeje?

Gunia_la_Kitulo

Pole mwalimu. Mimi nabeba viazi kutoka huku Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, sakitu tunaijua shambani na kwenye magari.

Maji ya moto achana nayo. Kioo kilichoganda kikipigwa na maji ya moto kinatanuka ghafla upande wa nje tu. Kama kina alama ya kijiwe, hata ndogo, ufa unatembea hapo hapo. Na maji yanayobaki yanaganda tena kwenye mipira ya waipa.

Kazi kubwa ifanye jioni. Sakitu inakuja usiku wa anga jeupe lisilo na wingu, gari inapotoa joto lake kwenda juu bila kizuizi. Ndiyo maana kioo kinaweza kuganda wakati hewa yenyewe bado iko nyuzi 2 au 3. Ukiegesha karibu na ukuta chini ya upenu, au chini ya mti, utaona tofauti kubwa. Ukikosa, funika kioo na boksi kavu lililokunjuliwa au turubai, libane na milango. Kitambaa kibichi usiweke, kitagandia kioo. Ukiweza, elekeza pua ya gari mashariki ili jua la kwanza likusaidie.

Asubuhi kwangua na rula ya plastiki, si kisu. Hakikisha swichi ya waipa imezimwa kabla hujawasha gari, maana waipa zilizoganda zikilazimishwa zinachana mpira au kuunguza mota. Ukipata spiriti ya dawa, changanya sehemu mbili za spiriti na moja ya maji kwenye chupa ya kupulizia. Sakitu inalainika upesi. Puliza ukiwa nje, mbali na moto.

Fundi_wa_Mafinga

Kaka wa Kitulo amemaliza la kioo. Mimi nabaki kwenye taa ya bluu, kwa sababu hiyo si tabia ya baridi peke yake.

Dada, hapo nashuku themostati imetolewa. Gari nyingi zinazotoka joto la Pwani tunazipokea hivyo. Gari ikichemka mjini, fundi anaitoa themostati na kuitupa badala ya kutafuta chanzo, halafu anajaza maji ya bomba kwenye rejeta. Kule gari inaonekana imepona. Ukiileta Makete ndipo inadai.

Themostati ni mlango wa maji ya injini. Injini ikiwa baridi inafunga, maji yanazunguka ndani tu na kupata moto haraka. Ikifika nyuzi 80 hivi ndipo inafungua njia ya rejeta. Isipokuwepo, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, na upepo wa baridi barabarani unazidi kuyapoza. Hita inategemea maji hayo hayo, kwa hiyo haitakupa joto. Kompyuta ya injini nayo inadhani gari ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Dalili zako zote tatu ziko hapo.

Jipime hivi: washa gari ikiwa ya baridi kabisa, baada ya dakika mbili shika bomba kubwa la juu la rejeta, ukichunga feni na mikanda. Kama bomba linapata uvuguvugu polepole pamoja na injini, mlango haupo au umekwama wazi. Themostati nzima huliacha bomba baridi kwa muda, kisha linapata moto ghafla.

Angalia pia oili. Kama amekuwekea 20W-50, ni nzito kwa asubuhi za huko. Namba iliyo kabla ya W ndiyo ya baridi: ikiwa ndogo, oili inapita kirahisi injini inapoamka. Fuata kitabu cha gari, injini hizi wengi tunaziwekea 5W-30.

Dizeli_Uyole

Mimi napasha robo saa kila siku na gari iko salama. Wenye dizeli subirini taa ya koili, yaani ya plagi za kupasha injini, izime kwanza ndiyo mpige stata.

Fundi_wa_Mafinga

Mkuu, nakuheshimu, ila kwa injini ya petroli yenye EFI (petroli inapulizwa kwa kompyuta) robo saa ni kuchoma mafuta. Injini iliyo kwenye silensa, yaani inanguruma gari likiwa limesimama, inapata moto taratibu sana, na petroli isiyoungua inachuruzika kwenye oili. Nusu dakika hadi dakika moja, oili ipande, kisha ondoka polepole bila kupiga resi mpaka taa izime. Kinachokuchelewesha ni kioo, na hicho unakwangua injini ikiwa imeshawashwa.

Nesi_Ipogolo

Naomba msilipite hili. Atakayejenga banda asipashe gari ndani, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Ni hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, toka nje mara moja.

Mwalimu_Iwawa

Asanteni sana. Bomba la juu nimelishika asubuhi, limepata uvuguvugu tangu mwanzo, na rejeta ina maji ya rangi ya kutu. Jumamosi nashuka Njombe kununua themostati. Nichukue na nini?

Fundi_wa_Mafinga

Chukua gasketi yake, na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyokwisha kuchanganywa na maji nusu kwa nusu. Hiyo inahimili baridi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri na inazuia kutu. Rejeta isuuzwe kwanza mpaka maji yatoke meupe. Wakati wa kujaza, hita iwe kwenye joto la mwisho na injini ingurume mpaka mapovu yaishe, la sivyo hewa itabaki ndani na hita haitafanya kazi. Muulize pia fundi kwa nini ilitolewa: feni iwashwe na rejeta ikaguliwe kama imeziba, vinginevyo itachemka ukianza kupanda milima. Kulanti inayobaki funga vizuri uweke juu, ina utamu na ni sumu kwa watoto na mbwa.