Rollins kaumia bega, mkanda umebaki wazi, wateja wa kibanda wanadai hela zao. Nifanyeje?

Mtoto wa Muheza

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na mwenye kuijua mieleka ya WWE, ile ya Marekani, kwa undani naomba aniambie ukweli, maana mimi naionyesha tu, mambo ya nyuma ya pazia siyajui sana.

Nina kibanda umiza hapa Muheza. Mpira ndio unaolisha nyumba, ila Jumapili jioni naweka mieleka, na mieleka ina watu wake: bodaboda, vijana wanaopakia machungwa, na wazee wawili ambao hawajakosa tangu enzi za kanda za video. Kiingilio 500. Kukiwa na onyesho kubwa nachukua 1,000, na anayetaka benchi la mbele namruhusu alipe mapema.

Sasa Oktoba hii ya 2025, CM Punk aliposhinda ile mechi ya watu watatu na kupata haki ya kugombea mkanda wa bingwa Seth Rollins, jioni ileile nilishika chaki nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: ROLLINS NA PUNK, MKANDA, JUMAPILI 2 NOVEMBA. Watu 34 wakalipa. Wiki iliyofuata tukasikia Rollins kaumia bega, mkanda umetangazwa kuwa wazi, na Punk atapigana na Jey Uso.

Juzi wamekuja. Vijana wanasema Rollins hajaumia, anaigiza, kama alivyoigiza goti mwezi wa saba. Wengine wanauliza: kama bega liliumia kwenye pambano na Cody Rhodes, mbona baadaye tulionyeshwa akipigwa na watu wake mwenyewe? Mmoja wa wale wazee alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaniambia, "Mwanangu, sisi hatukulipa kumwona Jey." Hakupandisha sauti hata kidogo. Maneno yale yameniuma kuliko kelele zote za vijana.

Hela nyingine nimeshalipia umeme. Niwarudishie? Na nitawaelezaje wakanielewa? Na siku zijazo niandike nini ubaoni nisije kuitwa tapeli kwa jambo lililotokea Australia?

---

Mama Genge

Pole mdogo wangu. Mieleka siijui ila biashara naijua. Rudisha hela kwa anayetaka, bila kumuuliza maswali. Mtu akija gengeni ameagiza sangara akanikuta nina dagaa tu, simlazimishi dagaa kwa sababu samaki ni samaki. Nenda kaanze na huyo mzee. Usimsubiri aje, mfuate wewe na elfu yake mkononi.

---

Kona ya Bluu

Mkuu, mimi natazama mieleka tangu nikiwa darasa la tano, ngoja nikusaidie upande wa maelezo.

Waambie hivi. Matokeo yanapangwa, mwili haupangwi. Waandishi wanajua nani atashinda, hata miezi sita mbele wanajua stori inaelekea wapi. Wasichokijua ni kama goti la stelingi litafika huko. Likikatika njiani, stori nzima inashonwa upya kwa siku chache, na mkanda ndio wa kwanza kuguswa, kwa sababu mkanda lazima uwe kiunoni kwa mtu anayeweza kupanda ulingoni.

Mfano ni Rollins huyuhuyu. Tarehe 4 Novemba 2015 alikuwa Dublin akipigana na Kane, onyesho la kawaida kabisa la ziara, wala halikuwa la televisheni. Goti likakatika kano mbili pamoja na gegedu. Alikuwa bingwa tangu Machi. Ikabidi mkanda uachwe wazi, yakapangwa mashindano ya mtoano, na fainali ikapigwa 22 Novemba kwenye Survivor Series: Roman Reigns akamshinda Dean Ambrose, karatasi za sherehe zikamwagika, halafu Sheamus akaja na mkoba wake wa Money in the Bank, ule unaompa mwenye nao haki ya kumvamia bingwa muda wowote, akauchukua mkanda palepale. Rollins aliporudi Mei 2016, stori ilikuwa imeshaandikwa na goti lake: bingwa ambaye hakuwahi kushindwa anadai chake. Juni akamshinda Reigns, akawa bingwa tena. Usiku uleule Ambrose naye akaja na mkoba, akauchukua mkanda.

Mwingine John Cena. Oktoba 1, 2007 akachanika msuli wa kifua. Alikuwa amekaa na mkanda siku 380. Kesho yake wakamvua. Siku tano baadaye, kwenye No Mercy, Randy Orton akakabidhiwa mkanda mwanzo wa onyesho, Triple H akampokonya hapohapo, Triple H akautetea kwa Umaga, mwisho wa usiku Orton akaurudisha. Mkanda uliokaa kiuno kimoja zaidi ya mwaka ukazunguka hivyo kwa jioni moja! Waandishi walikuwa na pengo kubwa, ikabidi wawape watu kitu cha kushangilia ili wasiuwaze sana uso ambao haupo. Na Cena, ambaye hakuna aliyemtegemea mapema, akaingia namba 30 kwenye Royal Rumble ya Januari 2008, ile mechi ya watu 30 wanaoingia mmoja baada ya mwingine, na kushinda. Nilikuwa kwa jirani siku tuliyoiangalia, mwenye nyumba aliangusha kikombe cha chai.

Kuhusu Rollins kupigwa na watu wake: mkuu, ile ndiyo njia ya kumtoa kwenye stori. Bega liliumia Perth, Australia, tarehe 11 Oktoba, na pambano akalishinda hivyohivyo. Siku mbili baadaye, kwenye Raw, kipindi chao cha kila wiki, Bron Breakker na Bronson Reed wakamgeuka. Mtu akiumia kweli huwa hawapendi aondoke kimya kimya kama mfanyakazi aliyekwenda likizo. Wanamtafutia adui wa kumpiga, ili aondoke na kisasi mkononi. Kisasi hicho kinawekwa akiba mpaka apone.

---

Gipsamu

Naongezea kidogo. Mimi ni mtaalamu wa viungo, kazi yangu ni kuwafundisha watu kutembea na kunyanyua mikono upya.

Vijana wako wana haki ya kutilia shaka. Mwezi wa saba Rollins alichechemea, akatokea na magongo, na 2 Agosti akayatupa magongo mbele ya umati akamnyang'anya Punk mkanda uliokuwa haujapoa mkononi. Ukishafanya hivyo, siku ukiumia kweli nani atakuamini? Kwa hiyo usiwacheke.

Ila kuna majeraha huwezi kuyaigiza. Watafutie pambano la Cody Rhodes na Rollins la Juni 5, 2022, lile la ndani ya kizimba. Cody alichanika msuli wa kifua mazoezini kabla ya siku yenyewe. Alipovua koti, upande wa kulia kuanzia begani, kifuani hadi kwenye mkono ulikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, kama bilinganya. Ile ni damu iliyovuja chini ya ngozi baada ya msuli kung'oka kwenye mfupa. Simamisha picha hapo, waangalie vizuri. Alipigana na kushinda, kisha akapasuliwa, akakaa nje hadi Royal Rumble ya Januari 2023. Kitaalamu mimi nisingemruhusu, na sisemi hivi kwa kumvunjia heshima. Inawezekana madaktari wake waliona kilichokuwa kimebaki kuharibika ni kidogo. Lakini mgonjwa wangu akija na kifua kile hanyanyui hata ndoo.

Kwa kawaida goti lililokatika kano ya mbele linataka miezi sita hadi tisa, wengine mwaka. Bega lililopasuliwa ni miezi pia. Mtu akikwambia bingwa atarudi wiki ijayo, usimwandike ubaoni.

---

Nasema Wazi

Mimi sielewi. Mieleka ni maigizo. Wamelipa maigizo, wataona maigizo, awe Jey awe nani. Usirudishe hata mia.

---

Pwani Moja

@Nasema Wazi ndugu yangu, tamthilia pia ni maigizo, lakini ukimtoa mhusika mkuu katikati watu watauliza yuko wapi. Watu hawakulipia kujua nani mshindi. Walilipia Punk kumkuta Rollins baada ya yale ya magongo.

Mimi niko Mombasa, na nimeandika hasa kwa ajili ya kaka wa Muheza, kwa sababu hakuna aliyegusa upande mwingine: kuumia kwa mmoja huwa ni mlango kwa mwingine.

Februari 2019 Mustafa Ali alikuwa amepangwa kuingia kwenye Elimination Chamber, mechi ya ndani ya kizimba, kugombea mkanda wa Daniel Bryan. Akaumia. Nafasi yake akapewa Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, mtu aliyekuwa amefanya kazi pale miaka 11 bila kuwahi kuushika mkanda mkubwa. Ilikuwa kuziba pengo tu. Usiku wa kwanza, kwenye SmackDown, kipindi chao kingine cha kila wiki, wakamweka kwenye mechi ya kupokezana wapinzani, akapigana zaidi ya saa nzima, akawashinda watatu, Bryan mwenyewe akiwamo. Watu wakaanza kusimama kila anapoingia. Waandishi wakaona hawawezi tena kumrudisha nyuma. Aprili 7, kwenye WrestleMania 35, onyesho lao kubwa kuliko yote ya mwaka, Kofi akawa bingwa wa WWE, wa kwanza kuzaliwa Afrika. Watoto wake walipanda ulingoni. Mimi ni mtu mzima na nililia, nasema wazi.

Sasa angalia aliyeshindwa. Bryan huyo alishinda mkanda Aprili 2014 New Orleans, uwanja mzima ukipiga kelele zake, Mei akapasuliwa shingo. Hawakumvua mara moja. Walilivuta jeraha lenyewe likawa stori: mabosi wakamtaka aukabidhi mkanda, la sivyo mkewe Brie afukuzwe kazi, na Brie akajiuzulu mwenyewe na kumzaba kofi bosi. Mwishowe Juni 9 wakauchukua, shingo haikuwa inapona. Februari 2016 akastaafu huku analia. Miaka miwili baadaye madaktari wakamruhusu tena. Yaani pambano la Kofi na Bryan lilikuwepo kwa sababu mmoja alipona na mwingine, Ali, aliumia. Bila majeraha hayo mawili, Kofi asingekuwa pale usiku ule.

Waambie wazee wako hivyo. Jey Uso hakuomba bega la mtu livunjike.

---

Kona ya Bluu

Pwani Moja umenena. Lakini haki lazima isemwe pande zote, wapo waliopoteza na hawakulipwa. Finn Bálor alikuwa bingwa wa kwanza wa mkanda wa Universal, 21 Agosti 2016, Brooklyn. Katikati ya pambano alirushwa kwenye kizuizi cha mashabiki, bega likatoka. Akaendelea, akashinda. Kesho yake akaurudisha mkanda. Siku moja! Wiki iliyofuata akaushika Kevin Owens, na Bálor hakuwahi kuupata tena mkanda ule. Aliporudi, stori ilikuwa imeshahamia kwa watu wengine, na hakuna aliyerudi nyuma kumsubiri. Hilo huwa linaniuma mpaka leo.

Tofauti ni kama mtu ameacha mpinzani anayemzungumzia. Punk alichanika msuli wa nyuma ya mkono kwenye Royal Rumble ya Januari 2024, ndoto yake ya WrestleMania ikafa. Ila Drew McIntyre akaligeuza jeraha lile kuwa wimbo, kila wiki anajigamba. Akamnyang'anya hadi bangili yenye jina la mke wa Punk na la mbwa wao. Punk alipopona, wakapigana mara tatu, ya mwisho ndani ya kizimba mwezi wa kumi. Nafikiri ndiyo stori bora ya mwaka ule, na ilizaliwa na msuli uliochanika.

Kwa hiyo Mtoto wa Muheza, ukiwaeleza wateja, usiishie "kaumia". Waoneshe nani atanufaika na nani atakuja kudai kisasi. Hapo watarudi.

---

Gipsamu

Na ubao: andika pambano linagombea nini, majina yaandike siku yenyewe asubuhi. Ukitaka kuyaandika mapema, weka chini yake mstari kwamba mtu akiumia, aliyelipa anachagua kubaki au kuchukua chake.

---

Mtoto wa Muheza

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi kwa wengine PM. Asanteni sana.

Nilifanya alivyosema Mama Genge. Nilimfuata mzee nyumbani kwake na elfu moja yake. Akaipokea, akaikunja, akauliza, "Na Punk yupo?" Nikamwambia yupo. Akanirudishia. Waliochukua hela walikuwa 9 tu kati ya 34.

Jumapili kabla ya kuanza niliwawekea kile kipande cha Cody anavua koti. Nilisimamisha picha. Kibanda kizima kikanyamaza, kijana mmoja wa machungwa, yule aliyepiga kelele kuliko wote, akasema taratibu, "Hii siyo rangi ya kupaka." Nikawaeleza na habari za Bálor na Kofi, sikuchukua hata dakika kumi. Hawakubishana na mimi tena kuhusu bega.

Punk akamshinda Jey, mkanda ukawa wake. Mzee alisimama na kofia yake juu. Akasema Rollins aliuchukua kwa magongo ya uongo, na sasa ameukosa kwa bega la kweli, na kwamba siku akirudi yeye atalipa wa kwanza.

Leo ubaoni kuna maneno haya: PAMBANO LA MKANDA JUMAPILI. MAJINA TUTAANDIKA ASUBUHI. Bodaboda mmoja kapita kaniuliza ni nani na nani. Nimemwambia asubuhi.