Naomba ushauri: kitabu cha mwisho kimenikatikia mwishoni

Habarini wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Nasoma The First Law ya Joe Abercrombie, ule mfululizo wa vitabu 3. Viwili vya kwanza nilivinunua kwa wauza vitabu vya mitumba Posta, nikavimalizia kwenye mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, nimesimama. Cha mwisho, Last Argument of Kings cha 2008, nilikipata mwezi uliopita kwa elfu nane. Sikukikagua, ujinga wangu.

Juzi usiku nafika mwishoni, kumbe mwisho wenyewe haupo. Karatasi ya mwisho inakatika katikati ya sentensi, baada yake ni gundi iliyokauka na vinyuzi vya jalada. Yaani nimvumilie Glokta vitabu vyote hivi, mtesaji aliyewahi kuteswa mwenyewe, meno mengi hana, ngazi kwake ni jehanamu, halafu nisijue anaishia wapi!

Muuzaji kaniambia mali ikishauzwa hairudi. Maduka mawili ya mjini wanasema niagize, nisubiri wiki sita. Muhtasari wa mtandaoni sitaki, nataka maneno yenyewe.

Sasa, kuna mwenye nakala nzima hapa Dar aniazime siku moja? Hata nikisomea barazani kwake, sawa tu. Na nikiwa nasubiri, naweza kuanza Best Served Cold cha 2009, kitabu chake kilichofuata baada ya mfululizo huu, au kitanimwagia siri za mwisho wa hiki?

Ndiyo au hapana inatosha, msinisimulie jamani.