Sefu, benki au kufukia: dhahabu ya kukaa muda mrefu niiweke wapi?

Akiba_ya_Kesho
Wakuu, salaam. Nina dhahabu ambayo sitaki kuiuza kwa miaka kama kumi hivi. Njia ninazozifikiria ni tatu: sefu chumbani, sanduku la kukodi benki, au kuifukia uani. Sefu ya kubonyeza namba nimeshaiona Kariakoo, fundi yuko tayari kuja Jumamosi. Ipi bora? Nawasilisha.

Sonara_Mstaafu
Mkuu, unaomba dawa bila kutaja ugonjwa. Dhahabu gani: bangili, vipande vya tola (kipimo cha uzito wa dhahabu), au ya machimboni? Nyumba ni yako au umepanga? Gramu usitaje hapa jamvini, sema tu kama inajaa kiganja au kikopo. Kilo nzima ni kama sentimita za ujazo 52, ndogo kuliko simu uliyoshika.

Nondo16
Mimi nauliza sefu ina uzito gani, na itafungwa kwenye nini? Kama ni zile za kilo 20, umemfungashia mwizi mzigo ukiwa na mpini. Ulimi wa kufuli unazuiwa na pini ndogo yenye springi laini. Nyingine ukizigonga juu huku unazungusha kitasa, pini inaruka na mlango unafunguka. Halafu tundu la bolti ukiliacha wazi nyuma, waya unapita hadi kwenye kitufe cha ndani cha kubadilishia namba.

Bi_Mkunazini
Benki tu. Mambo ya kulala na mali chini ya kitanda yalishapitwa.

Nondo16
Bi mkubwa, benki haijui umeweka nini kwenye sanduku, kwa hiyo soma mkataba uone itakulipa nini likivunjwa. Bodi ya Bima ya Amana inalinda fedha za kwenye akaunti, haihusiki na bangili za sandukuni. Kwenye ghala la masanduku ya kukodi la Hatton Garden, London, Aprili 2015, wezi walitoboa ukuta wa zege wa nusu mita wakavunja masanduku 73. Na ukifariki, familia isubiri mahakama iteue msimamizi wa mirathi ndipo sanduku lifunguliwe.

Bi_Mkunazini
Na ukifariki na siri ya shimo uani, familia inasubiri nini? Kiyama?

Mchanga_Mwekundu
Kufukia kuna kanuni zake. Watu wanachukua bomba la plastiki la milimita 110 wanadhani kubwa ndiyo bora. Bomba hilo la sentimita 40 linasukuma lita 3.8 za maji, kwa hiyo lisipofika kilo 3.8 na vilivyomo, kwenye mchanga wa Pwani ambako maji ya ardhini yako karibu na juu litapanda lenyewe masika. Tumia la milimita 50, sentimita 20 zinatosha. Kabla ya gundi futa ncha kwa spiriti, paka bomba na kifuniko, sukuma huku unazungusha robo, shikilia nusu dakika. Ndani weka vipakiti vya kunyonya unyevu. Dhahabu haiozi, vinavyooza ni karatasi za cheti na risiti, na bila hizo mnunuzi atakukata bei. Alama usiweke mti, mti hukatwa. Pima kwa futi kutoka pembe mbili za msingi wa nyumba.

Sonara_Mstaafu
Kanda ya Ziwa vijana wana detekta za kutafutia dhahabu kila kona. Hapo shimo si siri tena.

Mchanga_Mwekundu
Ndiyo maana unamwaga misumari na vifuniko vya soda juu yake.

Kitasa
Niongeze kisa kimoja, maana kila mtu anaogopa mwizi na kusahau batri. Familia moja Dar ilikuwa na sefu nzuri tu, imefungwa sakafuni kwa bolti nne. Batri ziliachwa ndani miaka mitatu bila kubadilishwa, zikavuja, majimaji yake yakala waya. Sefu nyingi zina sehemu ya kugusisha batri ya volti 9 kwa nje, lakini hapo haikusaidia kwa sababu waya wenyewe umeshaliwa. Funguo ya dharura? Ilikuwa ndani ya sefu. Fundi akaja na grainda. Chumbani cheche zilikuwa zinaunguza pazia, wakaing'oa na kuipeleka barazani, mchana, mtaa mzima unachungulia. Ilichukua dakika kama arobaini. Dhahabu wakairudisha kabatini "kwa muda". Siku ya tisa wakavunjiwa, na wezi hawakugusa hata televisheni. Kwa hiyo batri zitolewe kila mwaka hata kama hazijaisha, na funguo ilale nyumba nyingine.

Akiba_ya_Kesho
Asanteni. Ni bangili za karati 22, vipande vichache vya tola kumi, na kidogo ya machimbo ya Chunya haijasafishwa. Nimepanga, ghorofa ya tatu. Uani ni kwa wazazi.

Nondo16
Ghorofa ya tatu! Na fundi anakuja Jumamosi!

Sonara_Mstaafu
Hiyo ya Chunya itoe kwanza. Kukutwa na dhahabu ghafi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini. Mahali pake ni soko la madini. Na kama ilikamatishwa kwa zebaki, bado ina mabaki: ikigusa bangili zinapata weupe, na chumba kilichofungwa kinajaa mvuke. Vipande vya tola kumi vipime kabla ya kuvificha: gramu 116.6 kila kimoja, na ukikining'iniza ndani ya maji kipungue gramu 6 hivi. Kikipungua 7 au 8, kuna metali nyepesi zaidi ndani, kama shaba. Ila tungsteni, metali nyingine nzito, itakudanganya, uzito wake unakaribiana sana na dhahabu.

Bi_Mkunazini
Na zaka? Ukifika gramu 85 na mwaka ukapita, asilimia 2.5.

Kitasa
Bangili za kuvaa hazina zaka kwa madhehebu ya Shafi.

Bi_Mkunazini
Za kuvaa! Zinazokaa kwenye sefu miaka kumi anazivaa nani? Na tola je?

Kitasa
Tola sijazitetea.

Nondo16
Turudi kwenye sakafu. Zege la ghorofani lina mabomba ya umeme, usitoboe kabla ya kujua yanapita wapi. Marumaru itobolewe bila nyundo ya drili, zege ndipo uwashe nyundo. Shimo la bolti ya milimita 12 liende sentimita 8, vumbi lipulizwe lote, la sivyo bolti inazunguka bila kushika. Ukuta wa tofali tundu usiuguse, bolti ikitanuka inapasua tofali. Weka kwenye kona, mtaimbo ukose pa kuingia.

Akiba_ya_Kesho
Fundi nimemwambia asubiri. Sasa mwenye nyumba ameuliza kwa nini nataka kutoboa sakafu. Nimjibu nini?

Kitasa
Mwambie unafunga mashine ya kufulia.

Bi_Mkunazini
Chumbani?